Laiki 400, kisima hakuna hata kimoja: maswali yenu kuhusu matangazo ya kulipia ya makandarasi

Barua za safari hii karibu zote zimetoka mkoa wa Tabora. Walioandika wanasimamia matangazo ya mtandaoni kwa niaba ya makandarasi na mafundi: visima, umeme, paa, gipsamu. Kilio kinafanana, hela inatoka kwenye kadi lakini kazi haionekani. Majina hatuchapi, na barua ndefu tumezifupisha.

SWALI: Habari za kazi wataalamu. Nasimamia ukurasa wa Facebook wa mkandarasi wa kuchimba visima hapa Tabora mjini. Mwezi uliopita tulibusti (tulilipia Facebook iisambaze) video ya mtambo ukichimba, shilingi 150,000 kwa siku kumi. Laiki zilifika 400 na maoni 60, lakini walioulizia wengi wako Mbeya na Dar. Bosi ananiuliza kisima kiko wapi. Nimekosea wapi? (Msomaji, Isevya)

JIBU: Hukuibiwa, ulipewa ulichoagiza. Kitufe cha kubusti, ukikiacha kama kilivyo, kinawatafuta watu wepesi wa kulaiki na kuandika maoni. Mtambo unaorusha maji hewani kila mtu hupenda kuutazama, mwenye kiwanja na asiye nacho. Anayetaka kisima kweli huwa halaiki. Anauliza bei kwa mita, tena pembeni.

Safari ijayo kiache hicho kitufe cha chini ya posti. Ingia Ads Manager, sehemu ya Facebook ya kusimamia matangazo, kwa kompyuta, fungua kampeni mpya, kwenye lengo chagua mwitikio au wateja watarajiwa, na mahali pa mazungumzo weka WhatsApp. Hapo mfumo unatafuta watu wanaoanzisha mazungumzo badala ya wanaogusa kidole na kupita.

Kisha ramani, ambako ndiko hela yako ilikoishia. Wengi wakibusti huacha Tanzania nzima bila kujua. Ukiandika "Tabora" utaletewa chaguo zaidi ya moja: mkoa mzima, au mji pamoja na duara linalouzunguka, ambalo mara nyingi huja likiwa la kilomita 40. Unaweza kulipanua hadi kilomita 80, ila litazame kabla ya kufurahi. Kilomita 80 kutoka Tabora mjini zinaifikia Sikonge, Urambo inabaki ukingoni, Nzega haifikiwi kabisa. Kama mtambo wenu unakwenda Nzega, ichomee pini yake na duara lake. Kama hauendi, usilipie macho ya watu wa huko. Umri na mambo wanayoyapenda watu, mfumo wa siku hizi unavichukua kama ushauri na unaweza kuvivuka, lakini eneo unaliheshimu. Kwa hiyo usimalize asubuhi ukichagua "wanaopenda ujenzi", kaa kwenye ramani.

Lipo na la Tabora yenyewe. Tangu maji ya Ziwa Victoria yafike Tabora, Nzega na Igunga, mwenye nyumba katikati ya mji aliyekwisha kuvuta bomba si mteja wenu wa kwanza tena. Wateja wako kwenye viwanja vipya vya pembezoni, mashamba ya Uyui, shule, wafugaji. Lakini usiwatenge watu wa mjini kwenye ramani, maana mwenye shamba Uyui mara nyingi analala Cheyo. Wachuje kwa maneno ya tangazo: "Kisima cha shamba au kiwanja ambako bomba halijafika. Tunafika Tabora, Uyui na Sikonge." Sentensi hiyo ya pili iwe mstari wa juu kabisa, kabla ya "soma zaidi", na utaona waulizaji wa Mbeya wanavyopungua.

Ujumbe unaojiandika wenyewe mtu akibonyeza WhatsApp usiuache ukiwa "Naomba maelezo zaidi". Ubadilishe uwe na nafasi za kujaza: "Nahitaji kisima. Kiwanja kipo: ___. Upimaji wa maji umeshafanyika: ndiyo/bado. Lori linafika mpaka kwenye kiwanja: ndiyo/hapana." Atakayejaza hata nafasi mbili tayari ni mtu wa kupigiwa. Swali la lori usilione dogo. Mkifika saiti mkakuta njia ni ya baiskeli, mafuta ya siku hiyo yamekwenda bure.

Bajeti usiikatekate. Mfumo unahitaji matokeo yapata 50 ndani ya wiki moja ili utoke kwenye kipindi cha kujifunza, yaani muda ambao bado unajaribu nani wa kuonyeshwa tangazo. Kwa shilingi 10,000 kwa siku una 70,000 kwa wiki, na ukigawanya kwa 50 ni shilingi 1,400 kwa kila mazungumzo. Mazungumzo yakigharimu zaidi ya hapo hutafika 50, na kwa mkandarasi wa mkoani kutofika si msiba. Msiba ni kuchukua 10,000 hizo na kuzigawa kwa makundi manne ya walengwa, 2,500 kila moja, halafu kila asubuhi kubadilisha picha au bajeti. Kila badiliko kubwa linarudisha kujifunza mwanzo. Weka kundi moja, matangazo mawili au matatu ndani yake, na usiguse kitu kwa siku saba.

Video ile ile mnaweza kuitumia, ila ikateni iwe sekunde 15, ya kusimama na si ya kulala, na maneno yaandikwe juu ya picha kwa sababu wengi wanatazama wakiwa wamezima sauti. Sekunde tatu za kwanza zionyeshe maji yanatoka. Nembo ya kampuni ikae mwisho.

SWALI: Mimi niko Nzega, nina mteja mkandarasi wa umeme na sola. Kwenye matangazo ya Google niliweka maneno ya utafutaji "fundi umeme nzega" na "sola nzega", yakaandikiwa kwamba utafutaji ni mdogo na tangazo halikutoka. Nikafungua maneno yawe mapana, hela ikaisha siku nne, simu tatu tu, na mbili zilikuwa za vijana wanaotafuta kazi. (Msomaji, Nzega)

JIBU: Google neno lisilotafutwa sana huliweka kando, halishiriki mpaka watafutaji waongezeke. Miji yetu haina watu wa kutosha wanaoandika jina la mji kwenye utafutaji, kwa hiyo usilitegemee neno lenye "nzega" ndani yake. Weka neno la kazi tupu, kwa mfano "fundi umeme", "kufunga sola", "wayaringi ya nyumba", na mji uufunge kwenye mipangilio ya eneo. Maneno hayo yazungushie alama za kunukuu ili tangazo litoke pale maana hiyo inapokuwemo kwenye alichoandika mtu, badala ya kuyaacha wazi yakaokota kila kinachofanana nayo.

Halafu fungua ripoti ya maneno yaliyotafutwa. Maneno uliyoyaweka wewe ni kitu kimoja, waliyoandika watu ni kingine. Kwa kazi ya umeme utayakuta haya: luku, kununua umeme, umeme umekatika, namba za tanesco, mshahara wa fundi umeme, nafasi za ajira, chuo cha veta, kozi, pdf. Kila ulilolilipia bila faida liingize kwenye orodha ya maneno ya kuzuia. Fanya hivyo kila siku kwa wiki ya kwanza, baadaye mara moja kwa wiki.

Hapa Kiswahili kinatutega. Orodha ya kuzuia haibebi sura nyingine za neno: ukizuia "chuo" hujazuia "vyuo", ukizuia "mshahara" hujazuia "mishahara". Kwetu neno hubadilika mbele, kwa hiyo andika umoja na wingi vyote viwili. Na usizuie "kazi" peke yake hata kama wale vijana wamekuchosha, maana utamfungia mlango na aliyeandika "bei ya kazi ya wayaringi vyumba vitatu". Zuia "ajira", "nafasi za kazi", "natafuta kazi".

Eneo la Google nalo lina mtego wake. Chaguo linalokuja lenyewe linawaonyesha tangazo watu waliopo Nzega pamoja na wale wanaoonyesha kuvutiwa na Nzega popote walipo. Ushauri wa kawaida ni kuchagua waliopo tu, na sisi tunakubali, kwa kampeni ya kwanza. Lakini nyumba ngapi za Nzega zinajengwa na mtu aliyeko Dar, Mwanza au Dodoma anayetuma hela kwa simu? Huyo ni mteja mzuri: ana fedha, hawezi kuja kusimamia, anatafuta fundi wa kuaminika. Mfungulie kampeni yake ya pili yenye bajeti ndogo, eneo liwe miji hiyo, na hapa ndipo maneno yenye "nzega" na "tabora" yanapopata watafutaji. Tangazo lake liseme jambo tofauti: "Unajenga ukiwa mbali? Tunakutumia picha na video za kila hatua." Ukizichanganya kampeni hizi mbili hutajua ipi inakupa kazi.

Kwenye lugha, ukiulizwa, chagua zote. Simu nyingi hapa nchini zimewekwa Kiingereza ingawa mwenyewe anaandika Kiswahili, na ukichagua lugha moja unaweza kumpoteza. Ondoa pia alama ya tiki kwenye mtandao wa mabango (tovuti na programu nyingine zinazobeba matangazo ya Google) na washirika wa utafutaji (tovuti nyingine za kutafutia). Vyote viwili huja vimeshawekwa, na kwa bajeti ndogo vinainyonya kimyakimya.

Vichwa vya tangazo vina nafasi ya herufi 30 tu, pamoja na nafasi kati ya maneno. "Mafundi Umeme wenye Leseni ya EWURA" ni herufi 35, kitakataliwa. "Fundi Umeme, Leseni ya EWURA" ni 28, kinapita. Unaweza kuandika vichwa hadi 15 na maelezo manne ya herufi 90, angalau vichwa vitatu na maelezo mawili. Lakini leseni uitaje kama ipo mkononi na bado hai. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutoa leseni za ufungaji umeme kwa madaraja, na CRB, Bodi ya Usajili wa Makandarasi, nayo husajili makandarasi kwa madaraja, la kwanza mpaka la saba. Omba nakala ya cheti kabla ya kuandika chochote, kwa sababu mhandisi wa halmashauri naye anatumia simu.

SWALI: Nimeweka tangazo litoke saa 1 mpaka saa 12 kwa sababu fundi hapokei simu usiku. Mbona watu wanapiga saa nane za usiku? (Msomaji, Kaliua)

JIBU: Mfumo unahesabu saa za kizungu. Ulichoweka ni kuanzia saa saba usiku hadi saa sita mchana. Saa 1 asubuhi ni 07:00, saa 12 jioni ni 18:00. Kagua pia majira ya akaunti yenyewe. Kama aliyeifungua aliacha saa za Los Angeles, 07:00 yao kwetu ni saa 11 au saa 12 jioni, kutegemea msimu wao. Akaunti ya Tanzania iwe GMT+3. Na ukiifungua upya, chagua sarafu kwa makini, kwenye Google haibadiliki tena.

SWALI: Mkandarasi wangu anaezeka na kupiga gipsamu. Mwezi uliopita nilimletea jumbe 70 za WhatsApp kwa shilingi 300,000. Anasema amepata kazi mbili tu, hataki kuendelea. Mimi nina skrinshoti zote 70. Nani mwenye haki? (Msomaji, Ipuli)

JIBU: Inawezekana wote wawili mna haki, ndiyo maana skrinshoti hazitamaliza ugomvi. Ujumbe si kazi. Kati ya ujumbe na kazi kuna ngazi tatu (kujibiwa, kwenda saiti, kutoa bei) na hela inaweza kuvuja popote hapo.

Fungueni daftari, la karatasi linatosha. Safu zake: tarehe, laini iliyoingia, mtaa, kazi inayotakiwa, alijibiwa baada ya dakika ngapi, mmekwenda saiti, bei mliyotaja, matokeo, na sababu ya kukosa. Tuseme mkishajaza mnakuta hivi: 30 wako nje ya eneo mnalofanya kazi, 9 ni mafundi wanaoomba kibarua, 12 hawakujibiwa siku hiyo, 19 ndio wateja kweli. Kati ya hao 19 mlikwenda saiti nane, mkapata kazi mbili. Kila ujumbe ulikugharimu kama shilingi 4,300, kwa hiyo wale 12 wasiojibiwa ni karibu 51,000 zilizoozea ndani ya simu. Wale 30 ni kosa lako wewe, rudi kwenye ramani. Wale 12 ni la mkandarasi. Na zile saiti nane zilizozaa kazi mbili zinataka mjadala wa bei na wa namna anavyozungumza na mwenye nyumba, ambao si wa matangazo.

Sasa tazameni upande wa pili. 300,000 kwa kazi mbili ni 150,000 kwa kila kazi. Paa moja likimwachia faida ya 900,000, hiyo si hasara. Kama kazi zenyewe ni za kuziba gipsamu iliyopasuka kwa 80,000, tangazo linamla, na dawa ni kuacha kutangaza ukarabati mdogo.

Kuhusu kujibu: aliye juu ya paa hasikii simu, na hata akisikia ana misumari mdomoni. Awepo mtu mmoja wa chini, mke wa fundi, kijana wa ofisini, au wewe mwenyewe kwa malipo yako, ambaye simu ya matangazo iko mikononi mwake. Ajibu ndani ya dakika kumi. Aliyekuandikia wewe amewaandikia na wengine wawili, na wa kwanza kujibu ndiye anayeulizwa lini atakuja kupima. Tumieni WhatsApp Business. Wekeni majibu ya haraka yanayoitwa kwa alama ya mkwaju (/), na lebo tano: mpya, kupima, bei imetumwa, kazi, imekufa.

Na tafadhali, acheni lile jibu la "bei njoo inboksi". Mtu ameshaingia inboksi, mnamwambia aje wapi tena? Tajeni bei ya kuanzia kwa mita ya mraba, semeni ni pamoja na vifaa au ufundi tu, na kwamba bei kamili ni baada ya kupima.

Jambo dogo linaloumiza wengi ni laini. Nunueni laini moja kwa Facebook, nyingine kwa Google, na ile ya zamani ibaki kwenye bango na kwenye gari. Simu ya laini mbili inatosha kuanzia. Hapo hamuulizi "umetuona wapi?", maana kila mtu hujibu "mtandaoni" hata kama aliona bango pale stendi. Laini zisajiliwe kwa jina la mkandarasi au kampuni yake, siyo lako. Kwenye kiungo cha WhatsApp andikeni wa.me/255 kisha namba bila sifuri na bila alama ya kujumlisha. Ukiandika 2550 mbele, kiungo kinafunguka kwenye namba isiyokuwepo, na unaweza kulipia wiki nzima hujui.

SWALI: Mume wangu ana kampuni ndogo ya ujenzi. Tulimpa kazi mtu wa matangazo, akafungua kila kitu kwa jina lake na kadi yake. Tumeachana naye, ameondoka na ukurasa, picha na wateja wote. Nimeamua kuyasimamia mwenyewe. Nianzeje isitokee tena? (Mama, Urambo)

JIBU: Pole, dada. Kanuni ni kwamba mwenye biashara ndiye mwenye akaunti, msimamizi anapewa mlango tu. Kwa Facebook, mume wako afungue akaunti ya biashara kwa jina lake, aweke humo ukurasa na akaunti ya matangazo. Msimamizi wa nje huongezwa kama mshirika kwa namba ya utambulisho ya biashara yake, na siku mkiachana mnamfuta kwa kubonyeza mara moja, kila kitu kinabaki. Kwa Google, akaunti yenu ina namba ya tarakimu 10. Msimamizi hutuma ombi kutoka akaunti yake ya usimamizi, nanyi mnalikubali.

Muwe wasimamizi wakuu wawili, wewe na mumeo, kila mmoja na uthibitisho wa hatua mbili. Akiwa mmoja na simu ikaanguka kisimani, mmefungiwa nje. Kadi iwe yenu: ya benki, au ile ya mtandaoni inayotolewa na mitandao ya simu, iliyowekwa hela ya wiki tu. Tofauti ya jina la kadi na jina la biashara, kuruka kutoka 5,000 kwa siku hadi 100,000 kwa mara moja, na kuingia kwa VPN (programu ya kuficha mahali ulipo) ni mambo yanayofanya akaunti changa ishukiwe. Ikizuiwa, omba ipitiwe upya na usubiri. Ukikimbilia kufungua nyingine, nayo itafungwa kwa kosa la kukwepa.

Ukurasa wa zamani mwandikieni yule bwana kwa maandishi aurudishe, akiwapa nafasi ya usimamizi mkuu. Msilipie kitu chochote kwenye ukurasa huo kabla hajafanya hivyo. Na kuanzia leo picha za kila saiti zihifadhiwe kwenu, pamoja na ruhusa ya mwenye nyumba.

SWALI: Nimtoze mkandarasi asilimia ngapi? Na mbona kadi inakatwa zaidi ya bajeti niliyoweka? (Msomaji, Tabora mjini)

JIBU: Achana na asilimia. Asilimia 15 ya 300,000 ni 45,000, na kazi ya kufuatilia bajeti ya 300,000 ni ile ile ya milioni mbili. Weka ada ya mwezi isiyobadilika, kwa shilingi. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni za mwaka 2025 zimekataza bei za ndani kwa dola, kwa hiyo hata kama Facebook inakukata kwa dola, ankara yako kwa mkandarasi iandike kwa shilingi. Mkandarasi akikata asilimia 5 ya kodi ya zuio kwenye ada yako, mdai cheti chake. Hela ya matangazo ilipwe moja kwa moja na kadi yake. Ikipitia kwako itaonekana ni mapato yako, na utaanza kueleza.

Makato ya ziada yana sababu mbili. Google inaweza kutumia hadi mara mbili ya bajeti ya siku katika siku moja, kisha ikafidia siku nyingine. Kikomo cha mwezi ni bajeti ya siku mara 30.4. Ukiweka 10,000, siku moja unaweza kukatwa 20,000, lakini mwezi hautapita 304,000. Ya pili ni VAT ya asilimia 18, ambayo huwekwa juu ya bajeti. 304,000 ikiongezwa VAT ni 358,720. Mwambie mkandarasi hesabu hiyo siku ya kwanza, usisubiri aione kwenye taarifa ya benki.

SWALI: Bosi wangu ana daftari la namba 600 za wateja wa zamani. Naweza kuziingiza Facebook? (Msomaji, Igunga)

JIBU: Mfumo unaruhusu, na hata watu 100 wa nchi moja wanatosha kuutaka utafute wanaofanana nao. Ila tangu Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Namba aliyoitoa mtu ili apigiwe kuhusu choo chake hakuitoa ili ipelekwe kwa kampuni ya nje. Anza kuomba ridhaa sasa, sentensi moja kwenye fomu ya bei yenye sehemu ya tiki, na utumie namba za waliokubali. Wale wa zamani wapigie tu simu ya kawaida. Mtu uliyemwezekea miaka mitatu iliyopita huenda sasa anataka uzio.

SWALI: Bajeti ya mwaka niigawe sawa kwa miezi yote 12? (Msomaji, Sikonge)

JIBU: Hapana. Kwenu hela inafuata tumbaku. Masoko yanapofunguliwa, kuanzia Aprili na Mei, sikiliza vyama vya msingi vimelipwa lini, siyo mauzo yamefanyika lini, kwa sababu kati ya hayo mawili kunaweza kupita wiki nyingi. Malipo yakishaingia, ndipo msingi, tofali na bati vinaponunuliwa. Sukuma bajeti hapo na uendelee mpaka Oktoba, wakati njia ni kavu na malori yanafika vijijini.

Mvua zikianza Novemba, punguza kampeni za kujenga na za kuchimba, maana mtambo ukikwama kwenye tope unakula faida ya visima viwili. Tangazo la paa linalovuja ndilo linalofanya kazi wakati huo, kwa siku chache baada ya kila mvua kubwa. Liandike Septemba na ulirushe siku moja ili likaguliwe, kwani ukaguzi unaweza kuchukua hadi saa 24. Kisha lisimamishe, na ulifungue jioni ile mabati yanapoanza kupiga kelele.